Ng'washi na Mlango wa Jikoni

Kitu cha kwanza alichoona Ng'washi ni kidole cha Mayala. Mayala alifanya kazi kiwanda cha samaki, na kila mchana alikula kwa Odeta. Siku ile ugali uliisha, mchuzi ukabaki kidogo. Mayala akazungusha kidole kwenye sahani, akakilamba. Wala hakuona haya. Kwa Ng'washi, hakuna mteja aliyewahi kulamba kidole.

Ng'washi na Odeta walipanga nyumba moja, mtaa wa Igogo. Wote wawili walipika nyumbani, kisha wakauza ugali na samaki kwenye kibanda kimoja karibu na kiwanda. Katikati yao alikaa Mama Antoni, muuza chai.

"Wateja wa siku hizi wana mambo," alisema Mama Antoni. "Jana mmoja kaniomba nyongeza ya chai mara tatu. Nikamwambia, baba, birika hili halijaunganishwa na ziwa!"

Odeta alicheka hadi akashika kiuno. "Afadhali wako. Wangu anaomba ugali wa kumalizia mchuzi, halafu mchuzi wa kumalizia ugali."

Ng'washi hakucheka. Alijua anasemwa Mayala.

"Na lile jiko jipya?" Mama Antoni aliuliza.

"La mafuta ya taa? Acha tu, mama! Mume wangu kalinunua mjini. Maduka siku hizi yamejaa kila kitu. Ukiliwasha, hujamaliza kukata kitunguu, sufuria imeshachemka."

"Lakini samaki wa mafuta ya taa ananuka," alisema Ng'washi.

Odeta akamgeukia. "Mbona wanaokula hawajasema?"

Mama Antoni akainamia birika ili kuficha kicheko.

Maneno yale yalimkaa Ng'washi kooni kama mwiba wa samaki sato. Akaamua kubadili mchuzi wake. Atakaanga samaki wakauke vizuri, kisha atawaunga kwa karanga za kusaga. Lakini Odeta asione, maana ataiga.

Siku zote Ng'washi alipikia uani. Sasa aliingiza jiko lake la mkaa kwenye chumba kidogo cha stoo. Alifunga mlango. Akaziba dirisha kwa gunia. Binti yake mdogo, Precious, alikaa naye humo akichambua karanga.

Siku ya kwanza kichwa kilimuuma. Siku iliyofuata alisikia kichefuchefu, na Precious akawa mchovu.

"Ni macho ya Odeta," Ng'washi alijisemea. "Ameshajua nina kitu kipya. Ananionea kijicho."

Basi akachukua kitambaa, akaziba hata upenyo wa chini ya mlango. Kichwa kilivyozidi kuuma, naye alizidi kuziba.

Asubuhi moja akasikia mlango unagongwa.

"Mama Precious! Niazime kiberiti," Odeta aliita.

"Sina!" Ng'washi alijibu. Kiberiti kilikuwa mkononi mwake. Amekuja kuchungulia huyo, aliwaza.

Akageuka kumtazama mwanawe. Precious alikuwa amelala juu ya ungo wa karanga, mdomo wazi.

"Precious. We, Precious!"

Mtoto hakuitika. Ng'washi akajaribu kusimama, miguu ikakataa. Chumba kilizunguka. Nje, kandambili za Odeta zilikuwa zinaondoka. Jina la Odeta lilikuwa zito mdomoni mwake. Akamtazama tena mtoto.

"Odeta! Odeta, mwanangu!"

Odeta aliusukuma mlango kwa bega. Alimbeba mtoto hadi uani, akarudi akamkokota na mama yake. Kisha yeye na majirani wakawakimbiza zahanati.

Huko Precious alitapika, halafu akalia kwa nguvu. Ng'washi naye akalia, kwa furaha ya kusikia kilio kile.

Nesi Suzana alimuuliza, "Kichwa kilikuwa kinakuuma ukiwa wapi?"

"Jikoni."

"Na ukienda kuuza?"

"Kinapoa. Lakini nesi, mimi naona ni kijicho cha mtu."

"Mtu huyo unakutana naye wapi?"

Ng'washi alitazama chini. "Nyumbani, na huko ninakouza."

"Basi kingeuma na huko! Sikiliza, mama. Mkaa unaowaka hutoa hewa yenye sumu. Huioni, wala haina harufu. Hata mkaa ukiwa mwekundu bila moshi, sumu ipo. Ukifunga mlango, unaivuta. Kwanza kichwa kinauma, kisha kichefuchefu, kisha usingizi. Wengine hawaamki."

"Kwa hiyo nipikie wapi?"

"Nje. Mvua ikinyesha, pikia barazani penye hewa. Na usilale na jiko la mkaa chumbani, hata kukiwa na baridi. Mtu akizidiwa, mtoe nje kwanza, kisha mlete hapa, hata kama ameshazinduka."

"La mafuta ya taa je?" Odeta aliuliza.

"Nalo linataka hewa. Tena usiliongeze mafuta likiwa linawaka. Litakuunguza."

Odeta akashika mdomo. Kila siku alikuwa anaongeza mafuta jiko likiwaka. Ng'washi alimwona, na hata pale, machozi yakiwa hayajakauka, alifurahi kidogo.

Tangu hapo Ng'washi anapikia uani, jiko lake la mkaa likiwa jirani na la Odeta. Kichwa hakimuumi. Precious anakimbia, anaiba karanga. Samaki wa karanga wamepata wateja wao, na Odeta huzima jiko kwanza, likishapoa ndipo anaongeza mafuta.

Juzi Odeta alichota mchuzi kwenye sufuria yake, akamnyooshea mwiko. "Hebu onja, Mama Precious. Umekolea?"

Ng'washi alionja. Alitaka kusema kama kawaida yake, "Unafaa tu." Akameza mate.

"Ni mtamu kuliko wangu, Odeta," alisema. "Tangu mwanzo."