Karanga za Mwalimu wa Kemia

Sokoni siku hiyo watu walikuwa wamebanana kama njiti za kiberiti. Muuza karanga, gauni lake la bluu limemkaa sawasawa, alikuwa akifunga vifurushi bila hata kuinua uso. Mbele yake akasimama mwanamume wa miwani, koti jeupe lina matundu ya kuungua.

"Naomba punje ishirini, dada. Zinazolingana."

"Ishirini? Unalisha kuku?"

"Nafundisha kemia. Tunazichoma chini ya kopo la maji, tunapima maji yamepata joto kiasi gani, ndipo tunajua karanga ina kalori ngapi."

"Yaani mimi nikaange, wewe ukaunguze!" Akacheka, akamchagulia.

Basi mwalimu akawa haachi kuja kila Jumatatu, na kila Jumatatu anataniwa. Mwezi wa tatu wa kutaniwa ndipo akaomba namba. Ikawa simu asubuhi, simu mchana, mpenzi huku, laazizi kule. Naye muuza karanga kwa kumpenda akawa anazipaka karanga za mwalimu mafuta ya ziada, zing'ae kuliko za wateja wote.

Jumatatu moja mwalimu hakutokea. Muuza karanga akanyoosha shingo, na nani anamwona kwenye meza ya kona ya pili? Mwalimu huyo huyo, anachaguliwa punje moja moja, na binti wa hereni kubwa anacheka mpaka anamshika mkono! Karanga zilizokuwa kwenye jiko lake ziliungua zote, asizione.

Akapiga simu.

"Uko wapi?"

"Njiani, mpenzi. Nawahi kipindi."

"Mfukoni una nini?"

"Karanga."

"Za nani?"

"Nitakueleza jioni, usi..."

"Mweleze huyo mwenye hereni!"

Akakata. Akafunika meza, akajitupia mtandio, huyo mpaka shuleni. Alimkuta darasani, wanafunzi wamezunguka kopo, punje inawaka kwenye ncha ya sindano.

"Karanga zangu zimekukosea nini?"

Wanafunzi wakaguna. Mwalimu akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Zina mafuta, laazizi. Punje moja inawaka kama kibatari, nyingine inafuka moshi tu. Wiki tatu majibu hayalingani. Nilishindwa kukwambia, vile unavyonipa kwa furaha."

"Ukaona heri unifiche."

"Hapo nimekosa."

"Na ule mkono? Nao ulikuwa na mafuta?"

Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu hakucheka. Akaweka vikombe viwili vya kioo juu ya moto ulio sawa, kimoja cha mafuta, kimoja cha maji, uzito mmoja.

"Tazama vipimajoto."

Cha mafuta kikapanda mbio. Cha maji kikajivuta, kinajivuta.

"Mafuta ndiye wewe," akasema taratibu. "Dakika moja tu, umeshapanda. Mimi ni maji. Kupata joto nachelewa, mwenyewe ulinitania miezi miwili. Lakini maji yakishapata moto, kuyapoza ni kazi. Ule mkono niliutoa pale pale. Nataka kuja kwenu, nikaseme na baba yako."

Muuza karanga akavitazama vipimajoto, akamtazama mwalimu, akajifunga mtandio vizuri.

"Jumapili, saa nne," alisema. "Uje na shangazi yako. Na mkipita sokoni, mpite upande wangu."