Jina la Ukoo

"Kozi, mgonjwa ameruhusiwa."

Sauti ya Mkuu wa kikosi cha usalama ilikwaruza redioni. Kozi alitia moto pikipiki yake ya Yamaha, akachomoka nyuma ya hospitali kuu ya serikali.

Mgonjwa hakuwa mtu. Lilikuwa sanduku la chuma lenye diski zilizong'olewa kwenye kompyuta kuukuu za hospitali. Kompyuta ziliuzwa kama vyuma chakavu. Sheria ya kulinda taarifa binafsi ilitaka diski zifutwe kwanza. Hazikufutwa. Humo mlikuwa na rekodi za maradhi ya watu, kuanzia makarani hadi mawaziri, na mnunuzi alikuwa jasusi wa kigeni. Alijua kwamba ukimshika mtu siri yake, umemshika yeye mzima.

Mbele, Hilux nyeupe iliyombeba jasusi na sanduku ilikata kona kuelekea uwanja wa ndege za mizigo.

"Namwona."

"Asipande ndege."

"Hapandi."

Risasi ikapasua kioo cha pembeni. Kozi akalala juu ya tangi, akapenya kati ya malori mawili, akachomoa bastola yake ya Beretta.

Akafyatua.

Gurudumu la nyuma likapasuka. Hilux ikapepesuka mpaka ikakumbatia nguzo ya umeme.

Dereva alitoka mikono juu. Mgeni wa suti ya kijivu alitoka na bastola. Kozi akamwahi kwa teke; bastola ikarukia mtaroni, pingu zikalia.

"Hongera," Mgeni alisema huku akitema damu, kwa Kiswahili kilichonyooka kama cha mtangazaji. "Lakini usijione. Hata wa nyumbani kwako wamo humo."

Askari wakamchukua. Redio ikakwaruza tena, safari hii sauti ya mwanamke.

"Kozi, Kufuli hapa. Usifungue diski hata moja. Weka muhuri, nakuja kuchukua."

"Nimekupata."

Kufuli ndilo jina ambalo wafanyakazi wa hospitali walimpachika kwa kejeli afisa wao wa ulinzi wa taarifa, naye akalifanya jina lake la redioni. Alikuwa akizunguka akigeuza skrini zisitazame foleni, akiomba diski zifutwe, nao wakimcheka kisogoni.

Kozi alikuwa amempata kweli. Tatizo ni kwamba Mgeni naye alikuwa amempata Kozi. Maneno yale yalimsumbua kama mchanga ndani ya soksi.

Ofisini alichomeka diski kwenye kompyuta ya uchunguzi. Nathibitisha tu, alijiambia. Akaandika jina la ukoo wao.

Likatokea jina moja.

Dada yake mkubwa, fundi cherehani, aliyemlea tangu mama yao afariki. Ule mwaka aliosema yuko mafunzoni mji mwingine, alikuwa amelazwa wodi ya wagonjwa wa akili.

Angeweza kufunga hapo. Akasoma. Chini kabisa muuguzi alikuwa ameandika maneno ya mgonjwa mwenyewe: *Mdogo wangu asijue.*

Uso ukamwaka moto kama aliyechungulia bafuni akakutana na macho.

Kufuli alipoingia na Mkuu, hakutazama sanduku. Alitazama kompyuta, ambayo huhifadhi kila kilichofunguliwa na jina la aliyefungua.

"Umefungua."

"Nilikuwa nathibitisha."

"Diski huthibitishwa kwa namba yake. Si kwa jina la ukoo wako."

Mkuu akajichekesha. "Mama, kijana amekamata jasusi mzima. Haya si yaishie humu humu?"

"Kila aliyemo humu ataarifiwa kwamba siri yake ilitoka nje. Huyu mmoja ataarifiwa pia nani aliisoma. Nikinyamaza, Mkuu, tutakuwa na tofauti gani na yule aliye na pingu?"

Mkuu akageukia dirisha. Kozi alitamani sakafu immeze.

"Nitamwambia mwenyewe," alisema.

"Mwambie. Na mimi nitamwandikia."

Dada alikuwa peke yake dukani, akitia mikunjo kwenye sketi ya shule. Alimwona mdogo wake akisimama mlangoni kama mdai, akaondoa mguu kwenye kanyagio.

"Kuna nini?"

Alimweleza. Hakuzungumzia risasi wala pikipiki. Alipofika kwenye diski, dada aliacha kunyoosha kitambaa.

"Kwa hiyo umesoma."

"Nimesoma, dada."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka pale uliposema nisijue."

Dada alikata uzi kwa meno. Akaificha mikono chini ya sketi.

"Ungemwacha tu yule mgeni aisome siri yangu," alisema taratibu. "Yeye sikai naye meza moja."

"Nisamehe."

"Nitakusamehe. Wewe ni wangu, nitakwenda wapi? Lakini si leo. Leo kila ukinitazama, naona unaisoma."

Kozi hakuwa akimtazama. Tangu aingie, macho yake yalikuwa kwenye vipande vya nyuzi sakafuni.

Simu ilitetemeka mfukoni. Mkuu: *Hongera. Wakubwa wanataka kukupa mkono.*

Aliizima, akatoka bila kuaga, akakata kona ya kwanza ili dada asiendelee kumwona mgongo.