Aliyefungiwa Tangini

Bushara aliacha kulitikisa tangi, lakini mnyororo uliokuwa ndani uliendelea kulia.

Aliutia mwenyewe, pamoja na kokoto, ukwangue kutu ya miaka mingi katika tangi lile la lori kuukuu. Mafundi wote wa mji wa Gedaref hufanya hivyo. Alikuwa pia amemimina maji yaliyochemka, yenye magadi, na sasa mkewe Sittana, aliyekuwa akikaanga kahawa kivulini hapo uani, akamkemea.

"Baba Rabha, hujasema dastur! Waombe wenyewe wapishe kwanza."

"Wenyewe gani? Jini anayeweza kukaa kwenye dizeli hii, basi naye ni dereva wa lori."

Sittana hakucheka. Mnyororo ukalia tena, safari hii pamoja na kitu kama kwikwi ya mtoto. Bushara aliogopa, ila kiburi kilimzuia kukimbia. Akautoa mnyororo kwa ndoano, akalikausha tangi juani, akaziba tundu lililokuwa likivuja kwa kulehemu, akakaza kifuniko. Kukawa kimya. Akajiona mwanamume.

Alasiri hiyo binti yao Rabha, mtoto wa pekee aliyewabakia baada ya kuzika nduguze, aliamka akipiga mayowe. Mgongo mzima ulikuwa malengelenge, na hakuna moto uliomgusa. Pumzi yake ilinuka dizeli. Hospitalini walimpaka dawa, na malengelenge yakahamia kifuani daktari akitazama. Wakarudi naye nyumbani, Sittana akamwita Faki Babikir, mganga wa kisomo.

Faki alisoma aya zake polepole. Kilichojibu kwa kinywa cha Rabha hakikuwa Rabha.

"Nimeungua. Huku giza. Mama hanioni."

Faki akamvuta Bushara pembeni, akanong'ona, "Umemchoma mtoto wa jini, fundi, kisha ukamfungia. Mama yake anazunguka humu humu anamtafuta. Nenda ukamfungulie. Sema, 'Dastur, nenda kwa mama yako.' Jina la binti yako usilitaje kabisa. Ukilitaja, umemkaribisha akae mwilini mwa mwanao."

"Nimesikia, maulana. Nimesikia."

Akatoka mbio hadi uani, akalikumbatia lile tangi lililokuwa na joto kama mwili wenye homa, akashika kifuniko kikakataa, akachukua spana ikateleza kwa jasho, akaanza kuyatamka maneno aliyofundishwa, na hapo ndipo sauti ya binti yake mwenyewe ilipolia kutoka ndani ya chuma, "Baba, naungua! Baba, nitoe!", na moyo wa mzazi ukasahau yote.

"Rabha! Rabha mwanangu, nakuja!"

Kifuniko kikatoka. Kitu kidogo, chenye joto, kilimpita miguuni kikielekea ndani ya nyumba.

Kutoka ndani Sittana akapiga vigelegele. "Amepona! Baba Rabha, njoo umwone!"

Kweli, malengelenge yalikuwa yamekauka. Bushara alipiga magoti akalia kwa furaha. Faki peke yake hakufurahi.

"Umesema nini huko nje?" akamwuliza.

Bushara akageuka kumtazama mtoto.

Mtoto aliketi, akawatazama mmoja mmoja kama wageni. Sittana akamfungulia mikono. Mtoto akampita, akaenda mpaka mlangoni, mahali pasipokuwa na mtu, akainua mikono yake kama anayetaka kubebwa.

"Mama," akasema, "umechelewa."

Nyayo zake zikaachana na sakafu.