Kijiti Kilichopokewa Nje ya Mstari

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya kwanza, Amoit na wenzake watatu walikimbia kando ya barabara ya Malaba, wakiyapita malori yaliyopanga foleni kuingia Uganda. Shule yao haikuwa na uwanja. Kijiti chao cha mbio za kupokezana kilikuwa kipande cha bomba ambacho Mwalimu Ekisa alikikata kwa msumeno. Madereva walikuwa wamewazoea. "Kazeni mwendo, dada zetu!" waliwapigia kelele.

Hakuna aliyedhani kwamba timu hiyo ingefika mashindano ya kaunti kule Butula. Ilifika, na katika mbio fupi za kupokezana vijiti ikamaliza ya pili. Timu mbili za kwanza za kila mbio ndizo zingeendelea hatua inayofuata. Jentrix, aliyekuwa amempa Amoit kijiti, alimkumbatia huku akilia kwa furaha.

Amoit hakuweza kufurahi. Alijua kwamba alipokea kijiti akiwa ameshavuka mstari wa mwisho wa kupokezana. Mwamuzi hakuona. Karibu na Amoit, Sheilah, ambaye timu yake ya shule ya Khunyangu ilikuwa ya tatu, aliketi kwenye nyasi amefunika uso.

"Mwalimu," Amoit alisema, "nilipokea kijiti nje ya mstari."

"Una hakika?"

"Ndiyo, mwalimu. Mstari ulikuwa nyuma yangu."

Mwalimu Ekisa alivuta pumzi. "Basi twende kwa mwamuzi. Utasema mwenyewe, nami nitasimama nawe."

Timu yao ikaondolewa, na Khunyangu ikachukua nafasi ya pili. "Nani alikuuliza?" Jentrix alifoka. "Miezi minne tunaamka alfajiri, halafu unatuharibia!" Amoit aliinama.

Walibakiwa na mbio moja tu, zile ndefu za kupokezana, ambazo waliingizwa kwa sababu shule nyingine ilijiondoa. Wakiwa wamekaa kivulini, Sheilah alikuja na bakuli la githeri, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja.

"Tumeambiwa ulichofanya," alimwambia Amoit. "Asante sana, dada. Kuleni, mpate nguvu."

Walikula wote wanne. Jentrix alikula kidogo, kisha akamsogezea Amoit bakuli. "Kula vizuri. Wewe ndiye utakayemaliza."

Saa tisa mbio zilianza. Walikuwa wa tano, kisha wa nne. Jentrix alikimbia mpaka akamfikia wa tatu, akanyoosha mkono. "Shika! Uko ndani!" Amoit akashika, akachomoka na kumwacha nyuma huyo wa tatu. Wasichana wa Khunyangu walisimama wakiita jina lake. Kwenye mita za mwisho alimpita mwingine, akamaliza wa pili. Mwamuzi akainua bendera nyeupe, ishara kwamba hakukuwa na kosa.

Mwalimu Ekisa aliwakusanya, macho yakiwa na machozi.

"Nawashukuru wanangu, na wewe Amoit zaidi," alisema. "Kusema kweli kulitugharimu asubuhi, na kuliuma. Lakini nafasi hii tumeipata kwa haki, na hakuna atakayetupokonya. Kimbieni hivyo hivyo maishani."

"Nisamehe kwa maneno yangu," Jentrix alimwambia Amoit. "Na asante."

Wakashikana mikono, wakaenda kumtafuta Sheilah wamshukuru.