Neno Moja Kwenye Chupa ya Buluu

Je, wewe mjukuu wangu, umewahi kuulizwa jambo usilolijua, ukaona haya kusema hujui? Mimi nimewahi. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, darasa la nne, hapa hapa Kisarawe, enzi za Mwingereza.

Kila alfajiri nilichota maji, nikafagia uwanja, ndipo nikaenda shule. Wiki ile Mwalimu Hemedi alitufundisha neno la Kiingereza, teki, linaloandikwa 'take'. Ukichukua kitabu ni teki. Ukinywa dawa ni teki. Ukipanda gari moshi, ukipiga picha, yote teki! Nilirudi nyumbani nikiliimba. Mama, ambaye hakuwahi kukaa darasani, akawatambia majirani: "Mwanamvua wangu anakijua Kizungu chote."

Jioni moja mdogo wangu Kondo, mwenye miaka mitano, alishikwa na kikohozi. Mjomba Mfaume, aliyekuwa mpishi wa Mzungu wa shamba la mkonge, alikuwa ametuletea chupa ya dawa iliyoachwa na bwana wake. Ilikuwa ya kioo cha buluu, ubavuni ina mistari iliyoinuka kama mbavu za mbuzi. Kibandiko kilikuwa kimelowa mafuta. Nilitambua neno moja tu, teki, tena mwishoni lina herufi ya ziada.

"Haya, msomi," alisema mama. "Ya kifua hii?"

Jirani yetu, Bi Sikudhani, akacheka. "Asijue vipi, na madaftari yote yale!"

"Ya kunywa, mama," nikasema.

Kijiko kimoja tu. Kondo alipiga ukelele, akajishika koo, povu likamtoka. Bi Sikudhani alikimbilia chumvi: "Atapishwe huyu!" Mama hakungoja. Alimfunga mgongoni, tukashika njia ya zahanati, saa nzima kwa miguu. Mimi nilikuwa nyuma, chupa nimeifutika kwenye kanga. Njia nzima nilimsikia Kondo akihema.

"Shikamoo, dresa," mama alisema mlangoni, machozi yakimtoka.

"Marahaba. Amekunywa nini?" aliuliza dresa Salehe, mganga wa zahanati.

"Dawa ya kikohozi. Dada yake kaisoma mwenyewe."

Dresa akaanza kukoroga dawa ya kumtapisha. Niliona midomo ya Kondo imebabuka. Nikaitoa chupa.

"Sikuisoma, dresa. Nilitambua neno moja. Mengine nilibuni."

Mama aligeuka akanitazama. Macho yale sijayasahau.

Dresa alipapasa mistari ya chupa, akanusa, akamwaga alichokuwa akikoroga. "Hii ni ya kuchua viungo. Neno uliloliona ni 'taken'; chupa hizi huandikwa 'not to be taken', yaani isinywewe. Huwekwa mistari ili hata mtu gizani ajue si ya kunywa. Ningemtapisha, ingemuunguza mara ya pili."

Siku tisa tulilala barazani pa zahanati. Kondo alipona, lakini sauti yake ilibaki ya kukwaruza mpaka utu uzima. Siku ya kuondoka dresa aliniita.

"Binti, kutojua si kosa. Ulikosa ulipojifanya unajua. Uliposema kweli ndipo nikaweza kumtibu. Na dawa isiyosomeka haimezwi, hata akiileta nani."

Tukashika njia ya kurudi. Karibu na nyumbani mama alisimama, Kondo kalala mgongoni mwake.

"Mwanamvua, tangu uanze shule nataka kukuomba jambo. Naona haya, mtoto wangu mwenyewe."

"Jambo gani, mama?"

"Nifundishe kusoma."