Rangi za Bi Mgeni

Kila Jumatano baada ya kipindi cha mwisho, wanachama wa klabu ya filamu walibaki darasani. Hajira alifunga mapazia ya madirisha yanayotazama Mtaa wa Msimbazi, Beno akapanga madawati, naye Mwalimu Severa akaweka kompyuta yake juu ya meza. Walikuwa saba tu, lakini wakishatazama filamu walibishana kama watu sabini. Hata wakitoka langoni waliendelea, mpaka kila mmoja apotelee kwenye uchochoro wa kwao.

Wiki zile ubishi ulikuwa mmoja: kwa nini watu wa leo, wenye kamera za kila aina, bado wanatengeneza filamu za nyeusi na nyeupe?

"Wanajitia ukale tu," alisema Beno. "Dunia ina rangi. Ukiziondoa, unamdhulumu mtazamaji."

"Siyo kweli," alipinga Khalfani. "Rangi zikiondoka unabaki na sura ya mtu. Huna pa kukimbilia."

Hajira, msichana wa miaka kumi na mitatu, alisikiliza tu. Kazi yake ilikuwa kupiga picha, na hakuna aliyemshinda.

Mwaka huo klabu iliamua kutengeneza filamu yake ya kwanza, ya dakika sita, kumhusu Bi Mgeni. Kwa miaka arobaini bibi huyo alitia rangi vitambaa vya batiki katika ua wa nyumba moja kuukuu ya Mchafukoge. Sasa nyumba ilikuwa ibomolewe lijengwe ghorofa, naye alikuwa akijiandaa kuhamia Lindi kwa binti yake.

Ijumaa Hajira alipewa simu ya Mwalimu, na Jumamosi akaenda kurekodi. Kabla hajatoka nyumbani aliichezea kidogo, akaondoa rangi ili aone chumba chao kingekuwaje. Mama akamwita, akaitia simu mfukoni, akasahau. Uani kwa Bi Mgeni jua lilikuwa kali, kioo kikimeremeta hata hakuona vizuri anachorekodi. Alichukua nta ikiyeyuka, mikono ya bibi ikizama katika beseni, vitambaa vikianikwa kambani.

Jioni alipofungua alichorekodi, kila kitu kilikuwa kijivu. Alijaribu kurudisha rangi. Hazikurudi.

Hajira hakulia. Aliketi kitandani, mwili umekufa ganzi kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Alipoitwa kula alikula, na hakujua amekula nini.

Jumatano klabu ilitazama alichorekodi. Beno ndiye aliyeuliza, "Rangi ziko wapi?"

Hajira alisikia sauti yake mwenyewe ikijibu, tulivu kabisa. "Nimeziondoa makusudi. Rangi zingemfunika Bi Mgeni. Nilitaka tuione mikono yake."

"Lakini filamu yenyewe inahusu mtu wa rangi!"

"Ndiyo maana wewe utabaki mshamba wa filamu, Beno. Sanaa huielewi."

Wenzao walicheka. Beno aliinamisha kichwa. Walipopiga kura, watano waliunga mkono nyeusi na nyeupe, na Khalfani akampigia Hajira makofi. Hajira alingoja furaha ije. Haikuja. Hata aibu haikuja. Alikunja mapazia, akabeba begi lake, akaenda zake.

Kesho yake alasiri Mwalimu Severa aliwatuma Hajira na Beno wampelekee Bi Mgeni aione filamu kabla hajasafiri Jumapili. Walimkuta uani, amezungukwa na maboksi yaliyofungwa kamba.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, wajukuu zangu. Haya, nionyesheni. Hii nitawapelekea watoto wa Lindi wajue bibi yao alikuwa akipika rangi gani huku mjini."

Alishika simu kwa mikono miwili. Akatazama, akaisogeza karibu, akaisogeza mbali. Kisha akachukua ncha ya kanga yake akafuta kioo, taratibu, kutoka kona hadi kona. Akatazama tena.

"Hiki ni kitambaa kipi?" aliuliza. "Cha damu ya mzee, au kile cha zambarau? Mbona sivitambui?" Akafuta tena. "Simu yenu ina vumbi."

Hajira aliutazama ule mkono ukifuta, kisha akaushika.

"Bibi, siyo vumbi," alisema. "Ni mimi. Nilisahau kurudisha rangi. Nikaogopa kusema, nikawaambia wenzangu nimefanya makusudi."

Beno alimgeukia. "Uliniita mshamba mbele ya watu wote."

"Nilikuita."

"Na ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua. Nisamehe, Beno."

Beno alikwenda kukaa kizingitini, akawapa mgongo.

Bi Mgeni alimrudishia Hajira simu. "Kukosea ni kazi ya mikono," alisema. "Mimi vitambaa nilivyoharibu vingefunika paa la nyumba hii. Boksi lililofungwa hufunguliwa. Njooni kesho na madumu ya maji, nitie rangi tena mrekodi upya. Lakini kwanza kamwambie mwalimu wako na wenzako. Nisiwe mimi peke yangu ninayejua."

Ijumaa asubuhi Hajira alisimama mbele ya klabu nzima akaeleza yote, pamoja na lile neno alilomwita Beno. Khalfani alikunja uso, wengine wakanong'ona. Hakuna aliyempigia makofi. Hata hivyo baada ya masomo wote saba, pamoja na Mwalimu Severa, walifika uani wakibeba maji. Hajira aliitazama simu mara mbili kuhakikisha rangi zipo, kisha akampa Beno aanze kurekodi. Beno alisita kidogo, akaipokea. Bi Mgeni akazamisha kitambaa cheupe, akakiinua kikichuruzika nyekundu iliyoiva.

Walipokuwa wakisuuza mabeseni, Mwalimu Severa aliwakusanya.

"Kupenda filamu ya nyeusi na nyeupe si kosa," alisema. "Kupenda ya rangi si kosa. Bishaneni mpaka sauti ziwakauke, ndivyo watu wanavyojifunza. Kosa ni kuchukua maneno mazuri ukayafanya pazia la kufichia kosa lako. Hajira alitushinda sote kwa hoja, na sote tukapotea njia. Mtu akikosea na akasema mapema, huwa na watu wa kumbebea maji. Akificha, hubaki na ushindi wake peke yake." Akamgeukia. "Sasa niambie, bila kuficha kitu: wewe unapenda ipi?"

Hajira alifikiri. Vidole vyake vilikuwa vimeingia rangi, na vilikuwa vinawasha.

"Sijui bado, Mwalimu."

"Vizuri," alisema Mwalimu Severa. "Hilo ndilo jibu lako la kwanza la kweli katika ubishi huu."

Beno akacheka, na Hajira naye akacheka, polepole.