Maranda ya Mlango wa Mvule

Hodi ya kwanza ilipigwa siku ya Jumanne, saa nane mchana, jua likiwa kali juu ya mabati ya mtaa wa Waithaka. Rachael alikuwa ameketi sakafuni akichagua mchele, na akaitikia "Karibu" kabla ya kuinua macho. Mlango wa nyumba ulikuwa wazi. Pazia halikutikisika. Kizingitini hapakuwa na mtu wala kivuli cha mtu. Hodi ikapigwa tena, mapigo matatu ya kifundo cha kidole juu ya ubao, na safari hii alitambua inakotoka. Ilitoka mezani, ndani ya jumba dogo alilokuwa akilijenga mumewe.

Jumba hilo dogo lilikuwa mfano wa jumba kubwa, na jumba kubwa liko katikati ya jiji, nalo huitwa Jumba la Baraza. Ni jengo zuri, na uzuri wake ndio unaotia uchungu. Lina nguzo kumi na mbili za mawe ya kuchonga, kuba la shaba lililogeuka kijani kwa mvua za miaka mia, sakafu ya mawe meusi na meupe, na ngazi kuu pana kiasi cha watu kumi kupanda sambamba. Mgeni akiingia hutajiwa jina la Mwingereza aliyelichora na mji ilikotoka shaba yake. Kuhusu waliochonga mawe yale na kuyabeba mabegani husemwa neno moja tu, "lilijengwa," kana kwamba mawe yalipanda yenyewe yakajipanga. Humo walowezi walitunga sheria za kipande, kile kitambulisho cha kuvaliwa shingoni, na kodi ya kichwa. Walipoondoka wakaingia wengine, wakavikalia viti vilevile, wakapiga meza vilevile, na hakuna aliyeuliza chini ya viti kuna nini.

Mwaka huu jengo lilikuwa likikarabatiwa liwe makumbusho. Msimamizi wa kazi hiyo, Bwana Nzuki, mkazi wa mtaa wa Mountain View mwenye suti za kijivu na haraka isiyokwisha, alimpa Joash Oduor nakala za ramani ili atengeneze mfano wa kuwekwa ukumbini siku ya ufunguzi. Joash ni seremala mwenye mkono mtulivu, mtu wa kanisa, mume wa Rachael kwa miaka kumi na mitano. Siku alipokwenda kuchukua ramani aliona uani, juu ya rundo la kifusi, mlango wa mvule mzito wenye komeo la chuma upande wa nje pekee. Alimwomba kibarua mmoja, akapewa. Alitaka jumba dogo lichongwe kwa mti wa jumba kubwa.

Upande wa ndani wa mlango ule ulikuwa na mikwaruzo. Ilikuwa mamia, mingine ya kina cha ukucha, kuanzia usawa wa kifua hadi karibu na ardhi. Joash alidhani ni mbwa aliyewahi kufungiwa. Akapiga randa mpaka alama zote zikaisha na ubao ukang'aa kama mpya. Maranda akayatia guniani, na Rachael akawa anayawashia jiko la makaa kila asubuhi, kama wafanyavyo wake wa maseremala wote.

Jumatano, saa ileile, hodi ilirudi, na pamoja nayo ikaja harufu ya chokaa mbichi na jasho. Kipande cha ukuta kilichokuwa chini ya ngazi ya jumba dogo kilikutwa mezani, kimebanduka, na nyuma yake pana uwazi wenye ukubwa wa kibiriti. Ramani haikuonyesha chumba mahali pale. Joash akakirudisha kwa gundi. Alhamisi kikabanduka tena, na siku hiyo Rachael akaanza kukohoa.

"Ni vumbi la msasa," Joash akasema.

"Si vumbi," Rachael akajibu. "Ni kama niko kwa chumba kimejaa watu, na hewa wameimaliza wao."

Mchungaji wao alikuja akaomba kwa moyo safi, na kwa siku mbili palitulia. Siku ya tatu Bwana Nzuki akafika kukagua kazi. Alilizunguka jumba dogo akilisifu, akagusa nguzo, akapapasa kuba, mpaka alipofika kwenye ngazi. Hapo mkono wake ukasimama.

"Nani alikuonyesha hapa?"

"Hakuna, mkubwa. Hako kaubao kanabanduka tu. Nimekaziba mara tatu."

"Hii haiko kwa ramani."

"Najua haiko. Ndiyo nashangaa."

"Usishangae, fundi. Ziba." Sauti yake ilikuwa imeshuka ghafla, kama ya mtu anayezungumza karibu na mgonjwa. "Weka gundi ile ngumu, piga misumari, paka rangi. Ufunguzi ni Ijumaa, na sitaki mtu aniulize swali kuhusu hiyo kona. Tumeelewana?"

Joash akaziba. Akapiga misumari midogo minne, akapaka rangi, akasubiri ikauke. Ikatimia saa nane. Hodi haikusikika safari hii. Kilichosikika ni Rachael akiita jina lake mara moja, na Joash alipogeuka alimwona mkewe amesimama katikati ya chumba chenye mlango wazi na dirisha wazi, mchana kweupe, upepo ukivuma hata pazia likipepea mpaka kumgusa bega, naye amefungua kinywa na hewa haiingii, macho yametoka, midomo inageuka rangi ya majivu, na kucha za mikono yake yote miwili zikikwaruza mbele yake kitu kisichoonekana, zikikwaruza kwa mpango, juu hadi chini, juu hadi chini, na katika ile hewa tupu kukasikika waziwazi mlio wa kucha juu ya mvule. Joash akarukia patasi. Aking'oa msumari wa kwanza alikuwa akilia. Alipong'oa wa nne na kipande kile kikaanguka, Rachael alivuta pumzi moja ndefu akaanguka chini.

Jirani yao, Salme, mzaliwa wa Lamu na mke wa mwenye duka, alikuwa ameshaingia bila kubisha.

"Mtu huyu hafai kulala hivi," alisema, akimfunika Rachael kwa leso yake. "Namwita ami yangu."

"Dada Salme, sisi ni watu wa kanisa."

"Na mimi nimekuuliza dini? Nimekuuliza mkeo atapumua vipi kesho saa nane?"

Ami huyo, ndugu wa baba yake Salme, ni Maalim Hemed, ambaye husomesha chuo kimoja cha Kurani nyuma ya maduka ya katikati ya jiji. Alifika asubuhi. Ni mzee mfupi, mwepesi, asiyepokea hata chai kwa kazi kama hiyo. Aliomba ruhusa kwa mwenye nyumba, akaomba ruhusa kwa mgonjwa, akatawadha, akaketi, akasoma Ayatul Kursiyyu mara saba kwa sauti ya chini. Mara ya saba Rachael alifumbua macho, na aliyetazama kupitia macho yale hakuwa yeye.

"Toka," Maalim Hemed akasema.

"Nitokee wapi?" Sauti ilikuwa nzito, ya kukwaruza, ya kiumbe aliyekasirika kwa muda mrefu hata hasira imekuwa makazi yake. "Mimi nimeingia kwa mlango. Huyu seremala alinileta mwenyewe, na huyu mkewe akaniambia karibu."

"Wewe ni maiti?"

"Usinijaribu, Maalim. Wajua maiti hawarudi. Wao wamekwenda kwa Mola wao. Mimi nilikuwa na chemchemi yangu pale kabla ya jiwe la kwanza kutua, nikajengewa juu, nikastahimili. Nikawa nakaa chini ya ngazi zao. Siku ya ufunguzi alfajiri, nguzo ya kumi na mbili ilipokuwa ikisimamishwa, ilimwangukia mbebaji mmoja ikamsaga. Wenzake kumi na tisa wakasema hawatapanga mstari kumshangilia gavana mpaka wamzike. Hilo tu. Kumzika. Wakasukumwa chini ya ngazi, komeo likateremshwa, na yule mwenye amri akaenda karamuni. Juu ya vichwa vyao matarumbeta yalipigwa na mabibi wakapanda ngazi kwa viatu vya visigino. Waliita. Waligonga. Walikwaruza. Nami nilisimama upande wa pili nikiwasikia wakizima mmoja mmoja mpaka saa nane mchana, na komeo lilikuwa la chuma, na chuma sisi majini hatukigusi!"

Bilauri zilizokuwa kabatini zikatetemeka. Joash alikuwa amejikunyata ukutani.

"Huyu mwanamke kakukosea nini?" Maalim akauliza.

"Wale hawakuwa na karatasi. Waliandika kwa kucha. Ushahidi wao pekee duniani ulikuwa kwenye ubao ule, na mume huyu akaupiga randa, na mke huyu akautia jikoni, akaupulizia, akauvuta. Wote umo kifuani mwake. Wasema nimtoke! Mimi simkabi. Yanayomkaba ni majina yao."

Maalim Hemed akageuka, na uso wake uliokuwa wa upole ulikuwa umekunjwa na ghadhabu ambayo haikumhusu jini.

"Mwanangu Joash, nipe kalamu."

Yakatajwa. Kila jina lilitoka na kikohozi, na kila kikohozi kilitoa uzi wa moshi wenye harufu ya mvule, na Maalim akaandika: jina, jina la baba, alikotoka. Yalikuwa majina ya kila upande wa nchi. Yalipofika kumi na tisa Rachael alikuwa analoa jasho, lakini kifua chake bado kilikuwa kikipiga mluzi.

"Bado moja," ile sauti ikasema. "Na hilo si la aliyefungiwa. Ni la aliyefunga."

"Wale Wazungu wamekufa zamani," Joash akanong'ona.

"Hao wana Hakimu wao, siwadai. Lakini mwaka huu, mafundi walipobandua lipu, mlango ulionekana. Ukafunguliwa. Mwanga ukaingia mle kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Mtu akachungulia, akawaona wameketi, akaagiza mlango ung'olewe na pajengwe ukuta jioni ileile. Jina lake nitalitaja ukuta utakapobomoka. Leo, saa nane. Isipokuwa hivyo, litabaki kifuani kwa huyu, na hatalistahimili."

Joash alikumbuka mkono wa Nzuki ulivyosimama kwenye ngazi. Alichukua nyundo kubwa na patasi ya mawe, akamwachia Maalim mkewe, akaenda mjini.

Jumba la Baraza lilikuwa likifagiliwa kwa ajili ya kesho yake. Mazulia yametandikwa, viti vimefungwa utepe. Mlangoni alimkuta askari wa zamu, mama mnene aitwaye Namalwa.

"Fundi, na nyundo unaenda wapi? Kazi si imeisha?"

"Ninaenda kuvunja ukuta chini ya ngazi. Mke wangu anakufa."

Namalwa alitupa jicho kuelekea ngazi. "Kuna kugonga huko ndani," alisema polepole. "Kila siku mchana. Nikiambia watu wananiuliza nimekunywa nini." Akaondoka njiani. "Piga. Mimi sijaona mtu."

Alipiga. Pigo la kwanza lilivuma mpaka kubani. Bwana Nzuki akateremka ngazi akikimbia.

"Wewe! Umeingiwa na wazimu? Askari! Namalwa! Mshike huyu!"

"Mgongo unaniuma, mkubwa."

"Hii ni mali ya serikali!"

"Uliwaona," Joash akasema bila kuacha kupiga. Hakuwahi katika maisha yake kupaza sauti mbele ya mtu mwenye suti, na sasa sauti yake ilijaza ukumbi. "Uliwaona kwa macho yako, ukawafungia tena! Kwa sababu ya nini? Ya utepe?"

"Ungefanya nini wewe?" Nzuki alifoka, akihema. "Nisimamishe kazi ya mwaka mzima? Niite polisi, waandishi, kila mtu? Ni mifupa, fundi! Miaka mia! Nani anawangoja nyumbani?"

Tofali la kati likaanguka kwa ndani, na baada yake mengine sita.

Walikuwa wameketi. Wote kumi na tisa walikuwa wameketi wakiegemeana, nyuso zimeelekea mahali palipokuwa na mlango, na kwenye kuta za pande tatu kulikuwa na alama nyeusi za viganja, za juu kabisa zikiwa juu kuliko mtu anavyoweza kufika asipobebwa mabegani na mwenzake. Namalwa alivua kofia yake.

Simu ikalia mfukoni mwa Joash. Ilikuwa Salme, akilia na kucheka kwa pamoja.

"Anapumua! Kakohoa donge jeusi, sasa anapumua, anaomba maji! Na kalitaja lile jina, Joash. Kasema Nzuki. Kasema Nzuki, kisha kile kitu kikatoka, na ami anasema hakikwenda mbali..."

Joash alihisi upepo ukitoka kwenye lile tundu, baridi, wenye harufu ya chokaa, ukampita yeye pasipo kumgusa, ukampita na Namalwa. Bwana Nzuki alikuwa ameshaanza kurudi nyuma. Kisha akageuka akakimbia, viatu vyake vikigonga mawe meusi na meupe, akielekea mlango mkuu uliokuwa wazi mbawa zote mbili, barabara ikionekana, watu wakipita na mifuko yao, muuza karanga akipanga vikaratasi vyake kwenye jua. Alipofika kizingitini alijigonga uso. Akarudi hatua moja, akajitupa tena kwa bega, akarudishwa. Akaanza kupiga kwa ngumi ile hewa tupu, na kila ngumi ilitoa mlio wa mvule mzito. Wapita njia wakasimama kumtazama mtu wa suti ya kijivu akikwaruza mbele yake kwa kucha, juu hadi chini, kinywa wazi, akipiga hodi ambayo wao hawakuisikia.

Namalwa alisogea taratibu mpaka karibu naye.

"Mlango uko wazi, mkubwa," alisema. "Si utoke tu."